Nani Ameshika Maiki? Uanaume, Hip Hop na Filamu ya Kujadiliwa Kitale na Bungoma

Agosti ya mwaka shufwa ikifika, barabara inayotoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, pamoja na njia za vumbi zinazoelekea Chwele na Bungoma mjini, hujaa mbio za wavulana. Mvulana wa Kibukusu anayengoja kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, akipiga chinyimba, zile kengele za chuma za mkononi, huku umati wa vijana ukimfuata kwa nyimbo. Kando yao hupita bodaboda yenye spika, ikivurumisha gengetone kutoka Nairobi. Kwa dakika chache, muziki wa aina mbili kuhusu uanaume husikika mahali pamoja.

Nyimbo hizo hazilingani kwa mdundo wala kwa umri. Hata hivyo, zote humwambia mvulana jambo moja: mwanamume haogopi, halii, hapepesi jicho, na anayeshindwa na hayo ni wa kuchekwa. Mhadhara huu unazitazama kwa pamoja, kwa sababu ipo dokumentari inayozigusa zote mbili ingawa aliyeitengeneza hakuwa akiifikiria Bungoma. Hoja yenyewe ni kwamba majigambo ya kiume huwa na madhara zaidi yanapokosa msimu, yanapokosa mahali pake, na hasa yanapokosa mtu wa kuyajibu. Kuketi pamoja ukumbini, kutazama filamu na kubishana baadaye ni njia mojawapo ya kuyatafutia wajibuji.

Mwanamichezo aliyeanza kuuliza

Dokumentari hiyo ni Hip-Hop: Beyond Beats and Rhymes, kazi ya Byron Hurt, Mmarekani mweusi kutoka Central Islip, jimbo la New York. Hurt hakuwa mhubiri anayechukia muziki wa vijana. Alikuwa kwotabeki wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, na shabiki wa rap aliyekua nayo. Baada ya masomo aliajiriwa katika mradi wa kuwafunza wanamichezo kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, na kazi hiyo ikamharibia starehe. Nyimbo alizokuwa akizicheza bila kufikiri zikaanza kumpa maswali.

Filamu ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2006, kisha ikarushwa na televisheni ya umma ya PBS Februari 2007. Ilizunguka pia vyuoni, shuleni na katika kumbi za mitaa, na taa zilipowashwa watu walibaki kuijadili. Ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo hayo.

Nguvu yake ni kwamba Hurt huuliza ana kwa ana. Anawakuta vijana wanaotafuta kurekodiwa wamejipanga barabarani, anawapa nafasi wafoke, na mmoja baada ya mwingine anataja bunduki na maiti. Akiwauliza sababu, wanamwambia kwamba kampuni za muziki hazitaki kusikia kingine. Anamuuliza Busta Rhymes kuhusu chuki dhidi ya mashoga katika hip hop. Rapa huyo anakataa kuizungumzia, anainuka na kuondoka kamera ikiendelea kunasa. Anawasikiliza wanafunzi wa Spelman, chuo cha wanawake weusi mjini Atlanta, ambao mwaka wa 2004 walitaka Nelly ajibu maswali kuhusu video yake ya Tip Drill kabla ya kuendesha chuoni kwao kampeni ya kutafuta wachangiaji wa uboho.

Kampeni hiyo haikufanyika, na kisa chenyewe si chepesi. Dadake Nelly alikuwa akiugua saratani ya damu, kwa hiyo wapo waliowaona wasichana wa Spelman kuwa watu wasio na huruma. Lakini swali lao halikufutika: mwanamume anayewaendea wanawake kuwaomba msaada wa kuokoa uhai anaweza vipi kukataa kuwajibu kuhusu namna alivyowaonyesha kwenye video?

Hurt anafuata pesa vilevile. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka wa 1996 iliiruhusu kampuni moja kumiliki vituo vingi vya redio kuliko ilivyokuwa awali, na mlango wa kuingia hewani ukawa mwembamba. Sauti zilizopenya zaidi zilikuwa za rapa mwenye bunduki, mwenye magari na mwenye wanawake wasio na majina. Vijana weusi walikuwa na sura nyingi za uanaume. Iliyofika Nairobi na Kitale kwa kanda, kisha kwa sidii, ilikuwa ile iliyopitishwa na wenye ofisi.

Waliokuwepo tangu siku ya kwanza

Husemwa mara nyingi kwamba hip hop ni mambo ya wanaume na kwamba mwanamke aliingia baadaye kama mgeni. Historia inakataa. Sherehe inayohesabiwa kuwa chanzo cha hip hop ilifanyika tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx. DJ Kool Herc ndiye aliyepiga santuri, lakini aliyeiandaa ni dadake, Cindy Campbell, msichana aliyetaka kupata pesa za nguo za kurudia shule. Mwaka wa 1979 Sylvia Robinson wa Sugar Hill Records ndiye aliyewakusanya vijana waliorekodi Rapper's Delight, wimbo ulioitoa rap mitaani na kuifikisha ulimwenguni. Mwaka wa 1984 Roxanne Shanté, akiwa na miaka 14, aliwajibu wanaume wa kundi la UTFO waliokuwa wameimba kuhusu msichana aliyewapuuza, na majibizano hayo yakazaa msururu wa nyimbo kutoka kwa wasanii wengine.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Nazizi Hirji alianza kufoka akiwa kijana mdogo, miaka ya mwisho ya 1990, kisha akajulikana kote nchini akiwa na Wyre katika kundi la Necessary Noize. Stella Mwangi, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Norway, aliiwakilisha nchi hiyo katika mashindano ya Eurovision mwaka wa 2011 kwa wimbo Haba Haba. Tanzania ilikuwa na Zay B na Sister P mwanzoni mwa miaka ya 2000. Femi One, kutoka Mwiki, Nairobi, alitikisa Kenya mwaka wa 2020 alipotoa Utawezana pamoja na Mejja.

Majina hayo hayatajwi hapa ili kuwapooza wanaolalamika. Yanatajwa kwa sababu kijana wa Bungoma anayeamini kwamba ukali wa kiume ndio kiini cha hip hop anaamini hadithi iliyoandikwa baadaye, na wengine waliiandika wakijua faida yake.

Kutoka Dandora hadi YouTube

Rap ya Kenya ilipopata ulimi wake, haikuanza kwa kuwatukana wanawake. Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, walisikika miaka ya mwisho ya 1990 kwa Tafsiri Hii, wakati Capital FM, iliyoanza mwaka wa 1996, ilikuwa imekwisha kuvunja ukiritimba wa sauti ya serikali hewani. Walifoka kuhusu njaa, polisi na mtaa uliosahauliwa. Baadaye kundi kubwa lililowazunguka lilijiita Ukoo Flani Mau Mau. Uanaume wao ulikuwa wa mpiganaji msituni, na uliwapa vijana wengi heshima ambayo hawakuipata kwingine.

Hata hapo palikuwa na pengo. Msitu huo wa Mau Mau haukuwa wa wanaume peke yao. Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka wa 2023, alikuwa na cheo cha Field Marshal. Jina la vita lilipohamia kwenye rap, picha iliyobaki vichwani mwa wengi ilikuwa ya mwanamume mwenye nywele za kusokotana na ngumi iliyoinuliwa. Michael Wanguhu, katika dokumentari yake Hip Hop Colony ya mwaka wa 2006, aliurekodi muziki huo ulipokuwa bado unajitafuta. Filamu hiyo na ya Hurt zimetoka mwaka mmoja, na zinafaa kutazamwa jioni mbili zinazofuatana: moja inaonyesha rap ikiwapa vijana sauti, nyingine inauliza sauti hiyo inasema nini ikishapatikana.

Kisha ikaja gengetone. Mwaka wa 2018 kundi la Ethic kutoka Umoja lilitoa Lamba Lolo, na mwaka uliofuata Sailors wakafuata na Wamlambez. Hapa maelezo ya Hurt yanahitaji kurekebishwa kidogo. Vijana hawa hawakuwa na bosi wa kampuni kubwa aliyewaamuru waimbe nini. Walikuwa na kamera ya bei nafuu, marafiki wengi mbele ya ukuta wa mtaa, na akaunti ya YouTube. Mlinda mlango alikuwa ameondoka, ila mazao hayakubadilika sana. Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na hesabu ya watazamaji, na hesabu hiyo humlipa zaidi anayeshtua.

Mwaka wa 2019 mambo yalifika kwenye Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, iliyokuwa chini ya Ezekiel Mutua. Takataka, wimbo wa Alvindo unaomwita taka msichana aliyemkataa mwimbaji, ulipigwa marufuku. Novemba mwaka huo Tarimbo ya Ethic ilishutumiwa kwa kusherehekea ukatili wa kingono; video ikaondolewa YouTube na kundi likaomba radhi. Lakini Wamlambez nayo iliwekewa mipaka, iachwe ipigwe vilabuni, na mwaka uliofuata video ya Utawezana, ambayo mwanamke ndiye anayeongoza, ikakemewa pia.

Kuziweka nyimbo hizo zote katika kapu moja ni kosa la hoja. Upo wimbo wa utani wa chumbani, ambao mzee mwenye haya atauzima na kijana ataucheka. Upo pia wimbo unaofundisha kwamba msichana akikataa ni halali kumdhalilisha au kumlazimisha. Wa kwanza ni suala la adabu. Wa pili ni suala la usalama, na Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono tangu mwaka wa 2006 inayolitambua hivyo. Marufuku huzishughulikia zote kwa rungu moja, kisha huondoka kabla kijana hajaulizwa ameelewa nini.

Majigambo yenye msimu

Bungoma haihitaji kufundishwa na Bronx kwamba wimbo unaweza kumtengeneza mwanamume. Sioyaye huimbwa alfajiri mvulana anaposindikizwa kutoka mtoni, mwili umepakwa matope, kuelekea uani kwa baba yake ambako omukhebi anamngoja. Katika msimu wa jando kuna maneno ambayo siku nyingine hayatamkiki mbele ya shemeji, na kuna kejeli kali kwa mwoga. Mvulana husimama wima. Akitetereka, aibu huwa ya ukoo mzima.

Ukali wa nyimbo hizo unaweza kushindana na gengetone yoyote. Tofauti iko kwenye utaratibu wake. Zina mwezi wake na mwaka wake. Zina njia zinakopita na ua zinakoishia. Zina wazee wanaojua ni nani anaimba, na baada ya kidonda kupona kuna mafunzo kuhusu heshima kwa wazazi, kwa jirani na kwa mke atakayekuja. Msimu ukifungwa, aliyeendelea kuropoka maneno yale sokoni angekaripiwa.

Vivyo hivyo kwa khuswala kumuse, hotuba kubwa inayotolewa baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi. Omuswala hutembea katikati ya umati, akisimulia asili ya ukoo, akikosoa walio hai kwa jina la aliyekufa. Marehemu Manguliechi alipata sifa ya kitaifa kwa sanaa hiyo. Hakuna maiki, hakuna mdundo, na bado ni ufundi wa maneno ambao rapa yeyote angeutamani.

Sasa katika boma lilelile la matanga, usiku, huja kitu kingine: jenereta, spika ndefu kama mlango, na disco matanga. Wakuu wa utawala katika kaunti za magharibi wameipiga marufuku mara kwa mara, wakiihusisha na mimba za wasichana wa shule na unajisi. Gengetone huchezwa hapo hadi alfajiri. Maneno yaliyorekodiwa hayana mwaka shufwa, hayana mzee anayemjua mwimbaji, na hayana siku ya kufungwa.

Hata hivyo, mila isipewe sifa isiyostahili. Utaratibu wa jando ulimfunza mvulana pia kwamba kulia ni aibu na kwamba mwanamke hana neno uani, na kwenye kumuse mwenye kusema ni mwanamume. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 kama wamewahi kupigwa au kujeruhiwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Kitaifa, waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 34. Bungoma walikuwa asilimia 62, kiwango cha juu kabisa nchini. Mwanamke wa miaka 49 aliyejibu maswali hayo alikuwa na miaka 15 katika enzi ya redio moja ya taifa, muda mrefu kabla ya Lamba Lolo. Gengetone haikuanzisha vipigo hivyo. Imekuta nyumba ambamo tayari vinavumiliwa, na imevipa mdundo.

Kwa sababu hiyo filamu ya Hurt inafaa hapa kuliko mahubiri. Haimwambii kijana kwamba mambo yalikuwa safi zamani, wala haimwambii atupe muziki wake. Inamwonyesha shabiki mwenzake akijiuliza.

Jioni ya filamu, kwa vitendo

Anayetaka kuandaa jioni ya namna hiyo Kitale au Bungoma ana kazi za kawaida: idhini ya wenye filamu, projekta, shuka jeupe au ukuta, ukumbi wa shule, kanisa au kituo cha vijana, na jenereta ya akiba. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imepitishwa na Bodi. Ndani ya filamu kuna picha na matusi yasiyofaa watoto, kwa hiyo umri wa watakaoingia uamuliwe mapema.

Kazi ngumu ni ya lugha. Mahojiano ni ya Kiingereza cha mitaa ya Marekani, cha haraka na chenye lahaja. Lakini vibanda vya video vya magharibi mwa Kenya vilikwisha kupata dawa. DJ Afro na wafuasi wake wamewazoesha watazamaji filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti ya asili, zenye steringi asiyekufa na vichekesho vya papo hapo. Msimulizi kama huyo anaweza kuibeba filamu ya Hurt hadi kwa mwendesha bodaboda aliyeacha shule darasa la saba. Ila msimulizi wa kibandani ana mazoea yake: mwanamke akitokea kwenye skrini, mzaha kuhusu umbo lake humtoka mdomoni kabla hajasema neno. Akipewa sehemu ya wanafunzi wa Spelman bila maandalizi, anaweza kuigeuza kuwa kile kile ambacho filamu inakipinga. Dawa ni wasimulizi wawili, mwanamume na mwanamke, walioitazama filamu yote kabla ya siku yenyewe. Ugomvi wao wa kirafiki kuhusu tafsiri utakuwa sehemu ya onyesho.

Kisha kuna mpangilio wa kusema. Katika mikutano mingi ya hadhara wanaume huinuka kwanza, na saa moja huisha wakijibizana wao kwa wao. Filamu isimamishwe mara mbili au tatu badala ya kungoja mwisho, na kila inaposimama maswali mawili ya kwanza yawe ya wasichana. Wavulana waulizwe mambo yaliyo ndani ya uwezo wao kujibu: wimbo gani wanaujua wote kwa moyo, na mstari upi hawawezi kuuimba mbele ya mama. Rapa wa mtaa waalikwe na wapewe maiki. Wazee wa kumuse nao waalikwe, si kwa ajili ya kubariki hafla, bali waeleze nani alikuwa na mamlaka ya kumnyamazisha mwimbaji wa jando aliyevuka mpaka, na walifanyaje. Redio za hapa kama West FM na Sulwe FM zinaweza kuyaendeleza mazungumzo hayo kesho yake, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, kwa wale ambao hawakufika.

Yapo maswali ambayo ukumbi wa Bungoma utayajibu vizuri kuliko Hurt. Katika disco matanga, ni nani anayechagua ngoma, ni nani anayemlipa mwenye spika, na ni familia gani inayotoa ua wake? Na kwa nini mara nyingi chifu na askari hufika saa tisa usiku kuzima jenereta, wakati michango ya kukodi spika hizo huanza kukusanywa saa kumi jioni, mbele ya watu wazima wote wa kijiji?